Nilivyonyimwa msaada wa kipindupindu kwa kuandika kwamba nina bibi mjini

Wakuu, amani iwe kwenu.

Juzi humu kulikuwa na uzi, watu wanawacheka wanafunzi wanaojaza fomu za msaada wa dharura, eti wana tabia ya kuombaomba. Nimesoma comments zote, nikazima simu, nikaiwasha tena. Leo nnasema langu, na Mungu ni shahidi siongezi chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini mwishoni. Mimi mtoto wa Kizimkazi, nasoma chuo cha ualimu mjini Unguja, mwaka wa mwisho. Kikaingia kipindupindu.

Dahalia tuliyokuwa tukilala wanafunzi ikafungwa. Vyoo vilikuwa vichache na wenzetu wawili walishalazwa. Lakini mitihani ikabaki palepale, wiki sita mbele. Kwenda Kizimkazi na kurudi kila siku haiwezekani, gari za wakati ule wenye umri wangu mnazijua.

Nikahamia Kikwajuni, kwa Bi Zuwena.

Huyu Bi Zuwena si ndugu yangu. Baba alikuwa akimletea samaki tangu mimi sijazaliwa, basi, hakuna zaidi. Mjane, hana mtoto, na watu wake wote walishaondoka kwenda Maskati. Ukoo wao zamani ulikuwa na mashamba, yeye akabakiwa na nyumba ya vyumba viwili na maringo yake. Alikuwa akiuza bajia za kunde barazani kwake, na akikuuzia, utadhani anakukirimu.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Chuo kikapata msaada wa dharura kwa wanafunzi. Fedha za chakula na chumba mpaka mtihani uishe. Fomu ilikuwa na swali moja la maana: una jamaa mjini wa kukupokea? Kama unaye, mtaje.

Wenzangu wenye maami na mashangazi mitaa ya Ng'ambo nzima pale mjini waliandika hapana, wala hawakupepesa. Mimi nikaandika: ninaye, bibi yangu, Bi Zuwena, Kikwajuni.

Wakuu msinicheke. Asubuhi ile nimetoka kwake nshakunywa chai yake. Unakunywaje chai ya mtu halafu ukaandike kwamba huna mtu? Nilikolelewa mimi hilo ni tusi. Nikatia saini.

Majina yalipobandikwa, langu halimo. Nikasema si kitu.

Wiki ile ile mabwana afya wakapita mitaani, wakakataza kuuza vyakula vya kupikwa. Karai la Bi Zuwena likafunikwa chini. Nikamuuliza tutakula nini, akanikata kauli.

"Wewe soma. Jiko si lako."

Jumatatu akaniwekea sahani. "Kula, mimi nimefunga." Nikajua sunna, mtu wa dini. Jumanne akasema analipa deni la Ramadhani. Sasa mwanamke wa umri ule ana deni gani la Ramadhani? Lakini mimi kijana, mtihani umenijaa kichwani, sikuuliza. Jumatano vilevile.

Alhamisi jirani akaleta bakuli la muhogo wa nazi. Tukala pamoja mchana, na alikula hasa.

Ijumaa nimerudi msikitini, nakuta sahani moja.

"Kula mwanangu, mimi nimefunga."

Nikabaki nimeishika sahani. Ijumaa peke yake haifungwi, hilo hata mtoto wa madrasa analijua, na huyu ndiye aliyekuwa akinisahihisha mimi nikisoma Kurani. Nikamwambia, "Bibi, jana si ulikula?"

Akaivuta kanga yake begani. Kisha akasema, "Nimepitiwa."

Nikaenda jikoni, nikainua kifuniko. Sufuria imekwanguliwa. Ule wali wa sahani yangu ndio uliokuwa wali wa nyumba nzima. Nililia, na sioni haya kusema.

Jumatatu nikaenda ofisi ya chuo kubadilisha fomu. Karani hakuwa mtu mbaya. Akaniambia, "Umeandika mwenyewe una bibi. Lete barua ya sheha wa mtaa kwamba huna mtu wa kukulisha."

Hapo ndipo nilipokwama. Barua ya sheha maana yake Kikwajuni nzima ijue kwamba kwa Bi Zuwena hakuna kitu. Nilimjua yule mama, angeona afadhali alale njaa. Nikaona bora mtihani unipite. Nikafunga mkoba wangu nirudi Kizimkazi.

Akanikuta nao ukumbini.

"Unakwenda wapi?"

Nikamweleza yote. Nilidhani atakasirika. Akauliza kitu kimoja tu.

"Kwenye hiyo karatasi, umeniandika mimi nani wako?"

"Bibi yangu."

Akakaa kitako, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Halafu akachukua buibui lake. "Nifuate."

Kwa sheha siku ile kulijaa kinamama wanasubiri dawa ya kutia kwenye maji. Sheha, mtu mzima wa makamo, akasimama kumpokea. "Shikamoo Bi Zuwena." "Marahaba." Akamkaribisha chumba cha ndani. Akakataa.

"Andika hapa hapa. Kijana huyu si wangu, hatuna damu. Na kwangu hakuna cha kumlisha tokea bajia zilipokatazwa. Andika hana jamaa mjini."

Kinamama wote wakageuza vichwa. Sheha aliandika bila ya kuinua uso. Mimi nnatazama viatu vyangu.

Tulipokuwa njiani kurudi akaniambia, "Hilo la mwisho nimesema uongo. Mungu atanisamehe."

Fedha zikatoka. Nikamkabidhi yeye, tukala wawili, na sikumwona tena kafunga Ijumaa. Mtihani nikapita, nikapangiwa skuli huko huko kusini. Kila nikija mjini nafikia kwake.

Nilichojifunza ni hiki. Mwanafunzi akijaza fomu, usimcheke, hujui nyumbani kwao nani kasema amefunga ili yeye ale. Na wewe unayejaza, andika hali ilivyo tangu mwanzo. Mimi nilitaka kumlindia heshima yake, nikamwachia njaa, na mwisho heshima yenyewe akaitoa mbele ya watu kwa ajili yangu. Mpaka leo linaniuma.

Alifariki miaka michache baadaye. Kaburini wakaita jamaa wa marehemu washuke kumpokea. Watu wakatazamana, Maskati ni mbali.

Sheha yule yule alikuwepo. Akanishika bega.

"Shuka wewe. Ile barua niliiandika mimi, na uongo wake naujua."

Nikavua viatu, nikashuka.

Haya wakuu, baraza ni lenu. Nani alikulisha wewe wakati karatasi inasema huna mtu?