Ndege ya Springi

Mpaka leo siamini mashine yoyote inayokutikisa huku umekaa palepale ulipokaa. Basi likinitikisa najua linanipeleka Kahama. Punda akinitikisa najua amenichoka. Lakini kitu kinachokurusha na kukuzungusha kichwa, kisha mlango ukafunguliwa ukashukia palepale ulipopandia, hicho kina lake jambo. Wajukuu zangu wamenieleza kwamba siku hizi mijini kuna viti vya namna hiyo, unavaa miwani na kujiona uko angani, na wameniomba twende wote. Niliwaambia nina kazi.

Cha kwangu kilikuja Shinyanga miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji. Sikukuu ya Saba Saba walitupeleka kwenye maonyesho tukaone madume ya ng'ombe bora na pamba daraja la kwanza, vitu ambavyo wengi wetu tulikuwa tumeviacha nyumbani. Nyuma ya banda la pamba ndipo tulipoiona ndege. Lilikuwa boksi la mbao na mabati, kubwa kama chumba, limepakwa rangi ya fedha na kubandikwa mabawa ambayo yasingeweza kumrusha hata kuku. Chini yake kulikuwa na springi za lori, na pembeni walisimama wanaume wenye miti mirefu ya kulitikisia.

Mwenyewe alikuwa mtu wa mjini, kanzu safi, kofia ya vito, kipaza sauti mkononi. Aliwaita watu wapande ndege bila kuiacha ardhi. Mlangoni alikuwa ametundika ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu: WAJAWAZITO NA WAGONJWA WA MOYO WASIPANDE, WATAZIDIWA. Niliusoma ule ubao, nikaona haunihusu. Moyo wangu ulikuwa mzima, na mvulana wa kunishika mkono nje ya kusalimiana alikuwa bado hajazaliwa.

Ndani kulikuwa na mabenchi, giza, na joto la watu. Mbele walikuwa wametandaza shuka jeupe, na mashine ya filamu ikaanza kulimwagia picha zilizopigwa kutoka kwenye pua ya ndege ya kweli. Tukaona mawingu, mlima, kisha mlima ukainuka kutujia. Wale wa nje wakaegemea miti yao. Macho yangu yakaniambia tunaanguka, makalio yakaniambia tumekaa kwenye benchi, na tumbo likakosa wa kumwamini. Moshi wa jenereta ulikuwa ukipenya kwenye nyufa za mbao. Nilikuwa nimekula mihogo ya kukaanga na kushushia muwa. Mlango ulipofunguliwa nilikuwa wa kwanza kutoka, na vyote hivyo nikaviacha juu ya viatu vya matroni.

Matroni wetu hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alinitazama mimi, akautazama ule ubao, akanitazama tena, kuanzia kifuani kushuka chini. Nyuma yangu mzee mmoja mfugaji alikuwa anatapika ndani ya kofia yake, lakini yeye watu walisema amekunywa. Mwanamume akitapika kalewa, msichana akitapika ana mimba. Hesabu hiyo haikuhitaji ubao wowote, ila ubao uliipa nguvu ya maandishi.

Siku zile zilizofuata mji mzima uliigeuza ile ilani. Iliposema wajawazito watazidiwa, watu waliisoma kwamba atakayezidiwa ni mjamzito. Lori la mwenye mashine lilikuwa limekosa tairi, kwa hiyo ndege ilibaki pale kiwanjani hata baada ya maonyesho kwisha, na akina mama wakaanza kuwaleta mabinti zao. Waliwasukumia ndani kisha wakasubiri mlangoni, mikono kiunoni. Mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ndoa muda mrefu bila mtoto alipanda kwa hiari yake, akatapika, akashuka akipiga vigelegele. Mwenye kanzu hakumsahihisha mtu. Foleni yake ilikuwa imeipita ya sukari.

Bwenini wenzangu waliacha kunywa maji kwenye kikombe changu, kana kwamba mimba inaambukiza. Nikienda chooni, kuna aliyenifuata. Nikikataa maharage, kuna aliyewatazama wenzake. Nikiyamaliza maharage, walitazamana zaidi. "Dalili ya mvua ni mawingu," matroni alisema, hakumtaja mtu. Mkuu wa shule, mama msomi aliyetufundisha baiolojia, hakuiamini mashine, lakini aliyaamini matapishi. Alinipeleka hospitali. Muuguzi akanibonyeza tumbo, akasema kama ipo bado ni changa mno, nirudishwe baadaye.

Hiyo baadaye ndiyo ilikuwa kaburi langu. Sheria kila mmoja wetu aliijua: mwenye mimba anarudi kwao na shule hairudii tena. Mkuu alisema ni heri nikasubirie nyumbani, na ikionekana sina kitu nitarejea. Nilijua maana yake. Kwetu hapakuwa na msichana aliyewahi kwenda nyumbani kusubiri akarejea. Mchumba angepatikana kabla ya jibu. Nililia kwa hasira, na hasira ilikuwa kubwa kuliko huzuni. Cha ajabu, kitandani nilianza kujishika tumbo mwenyewe. Nilijua haiwezekani, lakini watu wengi wakikushuku kwa pamoja, nawe unajiunga nao.

Dereva wa basi alipewa ujumbe ampelekee mama Kahama. Mama alikuwa mjane na mfanyabiashara wa mpunga. Aliununua Ushirombo na vijiji vya huko, akausindikiza mwenyewe, amekaa juu ya magunia kwenye lori, kwa sababu hakumwamini dereva, utingo wala barabara. Hakununua gunia bila kuzamisha mkono mpaka chini, maana watu huweka mpunga mzuri juu. Alifika shuleni na vumbi lake la safari, kwenye lori la mtu mwingine, na kabla hajanywa hata maji alinivuta nyuma ya bweni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mama."

"Bhebe," alisema kwa Kisukuma, yaani wewe, na alipoanza hivyo nilijua hana mchezo. "Mimba haiokotwi njiani. Ni mwalimu?"

"Ni ile ndege, mama. Inatikisa. Kila mtu inamtapisha."

"Kila mtu?"

"Karibu kila mtu."

Alinitazama kama anavyolitazama gunia. Kisha akafunga kanga yake upya, akaenda ofisini. Nilisikia kila neno kupitia dirishani, na wala sikuwa na haya ya kusikiliza. Mkuu alimweleza kwa upole. Matroni aliongeza yake, kwamba lisemwalo lipo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Walimu wangu, mimi sikusoma. Lakini mume wangu yuko kaburini. Nikipanda hicho kitu na mimi nikatapika, mtasema amenirudia?"

Mkuu wa shule akakohoa. Alisema kwamba hilo lina mantiki, na kwamba ikiwa mashine inamtapisha hata mama mtu mzima, basi yeye hana sababu ya kumtoa mtoto darasani. Matroni akaambiwa aende akashuhudie.

Tulikwenda sote watatu, mama mbele. Nilimwomba Mungu amtapishe mama yangu. Ni dua mbaya, lakini niliiomba kwa moyo wote, kila hatua ya njia. Pale kiwanjani mwenye kanzu alimkaribisha kwa heshima, na matroni akaulizwa kama naye atapanda. Alisema ana presha. Kuanzia siku hiyo na mimi nikawa namwangalia kiuno.

Mama aliingia akakaa benchi la mbele kabisa. Mlango ukafungwa. Wale wanaume wakaegemea miti, na siku hiyo waliona watu wengi wanatazama, wakalitikisa boksi mpaka mabawa yakalia. Ndani watu walipiga yowe. Mimi nilisimama nimeuziba mdomo kwa mikono miwili.

Mlango ulipofunguliwa walitoka wawili wawili wakishikana. Kijana mmoja alikimbilia ukuta. Mama alitoka wa mwisho. Alishuka ngazi kama anayeshuka kibarazani kwake, kanga haijalegea, macho makavu. Nikajua nimekwisha. Leo naelewa kwamba mtu aliyezeeka juu ya magunia ya mpunga, kwenye barabara zile, hakuna springi ya kumtikisa akasikia. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba mashahidi wote wamenigeuka, na wa mwisho ni mama.

Matroni alifungua mdomo aseme. Mama akainua mkono kumzuia, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga, akapita haraka kwenda nyuma ya turubai la banda la pamba. Tukasikia akitapika. Nilichukua kopo la maji kwa muuza miwa nikamkimbilia, nimejaa furaha, nikilia na kucheka.

Alikuwa amepiga magoti, amenipa ubavu. Vidole viwili vilikuwa ndani ya koo lake mpaka kwenye maungio. Alivitoa, akavuta pumzi, akavirudisha. Chozi lilikuwa linamtoka kwa kujikaza. Aliponiona hakushtuka. Alipokea kopo, akasukutua, akatema, akasimama na kupita mbele yangu akiyumba, kuyumba ambako alikuwa hajakuhitaji hatua chache kabla.

"Pole sana, mama," matroni alisema, na kweli alionekana kumhurumia. "Basi ni mashine."

"Ni mashine," mama alijibu. "Mbaya sana."

Mchana ule ule mkuu wa shule alinirudisha darasani mbele ya wenzangu wote, akasema kisa kimefungwa. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nilimsindikiza mama hadi getini, tukiwa wawili tu, nikisubiri anishike mkono, au anicheke, au aniambie kwamba walimu ni wajinga.

"Ile mashine haina kitu," alisema. "Nimekaa mle kama niko kwenye mkeka wangu."

"Mama, mimi ilinishika kweli."

"Nimewadanganya watu wazima kwa ajili yako. Usinidanganye mimi. Ukishakuwa tayari, niletee hilo jina."

"Hakuna jina, mama."

"Haya," alisema, akaenda kutafuta lori.

Nilisoma muhula ule kama mwendawazimu. Muuguzi aliniita tena, akabonyeza, akasema hakuna kitu, na matroni alianza kunipa ukoko wa wali kama fidia. Wenzangu walirudi kwenye kikombe changu. Ndege ilipata tairi ikahama, na nasikia huko ilikokwenda iliendelea na kazi yake. Mimi nilikuwa na kiapo kimoja tu cha kumthibitishia mama, nacho hakikuwa cha mdomo, kilikuwa cha miezi kupita. Nilimwandikia barua, akanijibu habari za mpunga na mvua. Neno kuhusu lile jambo hakuliweka, na mimi nikajidanganya kwamba amelisahau.

Likizo ya Desemba nilishuka Kahama nikiwa na sanduku la bati na ripoti nzuri ya shule, ya kwanza kuwa nzuri vile. Mama alikuwa stendi ananisubiri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana saa ile huwa sokoni. Nilimwamkia. Aliitikia, akanikumbatia papo hapo mbele za watu, kwa nguvu, muda mrefu, na mimi niliyekuwa nimeingoja ile huruma tangu getini nikaweka kichwa begani kwake. Ndipo nikausikia mkono wake. Mmoja ulikuwa mgongoni. Wa pili ulikuwa umepita katikati yetu, umelala tumboni kwangu, ukipapasa polepole kutoka juu kwenda chini.

"Umekonda, mwanangu," alisema. Mama zetu hulisema neno hilo kwa masikitiko. Yeye alilisema akicheka, machozi yakimlengalenga kwa furaha.

Nilichukua sanduku langu mwenyewe, nikatangulia mbele.