Mama Yuko Nosy Be

Mtoto wa miaka mitano akiambiwa ukweli, ukweli huo utamponya au utamvunja? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki nzima kabla ya safari yangu. Nikilalia ubavu huu nilisema nitamwambia. Nikigeukia wa pili nilisema si kazi yangu. Nikiamka nilikuwa hoi, kama niliyetwanga mpunga hadi alfajiri.

Mtoto mwenyewe alikuwa wa dada yangu, aliyefariki akijifungua nyumbani kwetu, mtaa wa Tanambao, mjini Mahajanga, yeye na kichanga chake. Siku ya mazishi mtoto alipelekwa kwa majirani. Aliporudi akauliza, na bibi aliyetulea sote akamjibu kama wazee wetu wa Kingazija walivyozoea kuwajibu watoto: mama amesafiri. Wapi? Bibi akataja mahali pa kwanza palipomjia kichwani, kisiwa cha Nosy Be. Hatukuwa na ndugu huko, wala hakuna aliyetarajia kufika.

Kisha mimi nikahitimu ualimu. Serikali mpya ya uhuru ilitaka walimu kila upande, nami nikapangiwa kituo. Nosy Be. Bibi aliposikia alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha, akaendelea kuchagua mchele.

Tangu mama yake "asafiri", mtoto alikuwa anauma. Aliuma wenzake, mbuzi wa jirani, hata mwalimu wa chuo cha Kurani alipojaribu kumshika mkono amwonyeshe alifu. Wanawake wa kisimani walimwita papa. "Fumba mdomo, papa, sisi dagaa tunapita," walimwambia, kisha wakakimbia na ndoo zao wakicheka, naye akiwafukuza. Chuo cha ualimu kilikuwa kimenifundisha nyimbo za kupiga makofi na kukata karatasi. Juu ya mtoto anayeuma sikufundishwa neno. Nikabuni langu: nikamwambia kila hasira inapompanda aseme kwanza, "Nina hasira." Alishika upesi. Alisema, "Nina hasira," kwa adabu kabisa, halafu akauma.

Sikukuu ilipofika bibi alimnunulia gauni akasema mama kalituma. Mtoto alilinusa, akatoka nalo uani, akalitupa kisimani. Nilipokuwa nikilivua kwa ndoo alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Kama anajua kutuma nguo, anajua kuja," alisema.

Hapo ningepaswa kuelewa. Badala yake niliendelea kuwaza: je, akiambiwa ataugua? Je, kufa anakujua? Nikianza kumweleza nitakomea wapi?

Siku moja kabla ya meli kuondoka, sanduku langu lilikwisha tangulia bandarini. Mtoto alivaa viatu vyake vya sikukuu akakaa kizingitini kunisubiri. Nikamwambia yeye anabaki. Hakulia.

"Basi ukifika, mama mdogo, mpige."

"Nimpige nani?"

"Mama. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Miezi yote ile nilikuwa nikimfundisha kuitaja hasira, na hasira yenyewe tulikuwa tumempa sisi. Alikuwa akimchukia mtu aliyekataa kurudi, na mtu huyo hakuwapo.

Nilikwenda kwa bibi nikamwambia kwamba nataka mtoto ajue leo hii. Nilitegemea anikemee. Hakunikemea. Alikuwa mzee, magoti yalimuuma, na alikuwa ameshazika wengi.

"Na ukishamwambia unapanda meli," alisema. "Kilio nitabaki nacho mimi."

Katika mawazo yote ya wiki ile, hilo la nani atabaki halikunipitia.

Nikashuka bandarini nikaomba sanduku langu litolewe. Karani aliuliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kueleza. Nilimwomba ampelekee mkuu wa shule salamu kwamba nitafika kwa meli inayofuata. Njiani nilijua kazi yenyewe huenda nisiikute.

Nyumbani nilimkalisha mtoto mkekani, kati yangu na bibi. Nilisema kwa Kingazija, lugha ya mle ndani, maana Kimalagasi tulikiacha barabarani na Kifaransa shuleni.

"Mama hayuko Nosy Be. Mama alikufa. Tulikudanganya."

Mtoto akauliza:

"Hata akitaka kuja, hawezi?"

"Hawezi. Angeweza, angekuja."

Nilimpa mkono wangu aume akitaka. Hakuutaka. Aligeuka akamwangukia bibi, na bibi akafungua leso yake akampokea, akaanza kulia naye kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mtoto. Niliwaacha walie. Meli ilipopiga honi kesho yake nilikuwa jikoni nikikoroga uji. Mtoto alikuwa bado analia, akinyamaza kidogo kisha akianza upya. Kila alipoanza, nilikwenda kukaa naye.