Sindano Hainywewi

Saa mbili asubuhi, daktari wa meno ameshavaa glavu, lakini kiti chake kitupu. Mlango wa pili, kwa shemeji yake, wagonjwa wamejaa hadi kwenye korido. Katikati yao ameketi mama mkwe, mkoba mapajani, akijifanya hamwoni.

"Wivu ninao, sifichi," anasema daktari. "Yule mama alikuwa wangu."

Kweli alikuwa wake. Kwa miaka mingi bibi huyo alimruka mwanawe wa kumzaa, yule shemeji ambaye naye ni daktari wa meno, akaja kwa huyu, mke wa mwanawe mkubwa, na kutangaza sokoni kwamba mkono wa mkwe wake hauumizi.

Mwaka jana alikuja na jino bovu. Daktari akamuuliza kama anavyouliza wote: "Mama, unakunywa dawa yoyote?" Akajibiwa hapana. Jino likang'oka bila purukushani.

Kidonda kikagoma kupona. Wiki zikapita, fizi haifungi, mfupa wa taya unaonekana. Daktari akasafisha, akabadilisha dawa, akakosa usingizi. Mwishowe bibi akavuka korido.

Shemeji akauliza vingine: "Mama, kuna sindano yoyote unachomwa?"

Ipo. Ni ya kuimarisha mifupa, anachomwa tangu avunjike nyonga. Dawa nzuri, ila kwa watu wachache hufanya mfupa wa taya ushindwe kupona jino linapong'olewa.

"Uliniuliza ninachokunywa," bibi alimwambia mkwe wake baadaye. "Sindano hainywewi, mwanangu."

"Tatizo lenyewe nalijua, nilifundishwa," anasema daktari. "Kuuliza ndiko kulikonishinda. Na aliyeweza ni yule anayechelewa kazini kila siku. Hapo ndipo roho inaponiuma."

Kidonda kimeshafunga. Siku hizi yeye huuliza dawa za kumeza, za kuchomwa na za kutundikiwa kwa dripu, hata kwa kijana aliyekuja kusafishwa meno tu. Anapanga kuwakusanya madaktari wa meno wenzake awasimulie kosa lake, maana wengi bado wanauliza kama alivyouliza yeye. Shemeji ameomba kiti cha mbele.

"Atacheka. Acha acheke, kuuliza si ujinga."

Bibi anaitwa. Anainuka, anapita mlangoni kwa daktari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku hizi unaulizaje?"

"Naanza na sindano, mama."

"Haya. Endelea hivyohivyo." Anaingia kwa mwanawe.

Daktari anautazama mlango ukifungwa. "Amebakiwa na meno tisa," anasema. "Nataka yote yabaki mdomoni mwake, na mdomo wenyewe urudi kwenye kiti changu."