Radhi ya Mama Alen

Kama kuna mtu huku upande wa Mponde asiyejua kugombana, ni jirani yangu Evelina, mama Alen. Mimi ukinikanyagia mche mmoja wa kabichi, kijiji kizima kitajua. Yeye atakusogeza mguu taratibu, kisha akuulize kama umeumia. Ndiyo maana walimwonea.

Shamba lake lilikuwa bondeni, kando ya kijito. Tangu mumewe afariki, bonde lile ndilo lililomlisha na kumsomeshea watoto, halafu asubuhi moja akakuta vigingi vyekundu vimepigwa katikati ya karoti. Kuna ofisi, nayo siitaji maana bado naishi hapa, ilitaka bonde lote liwe hifadhi ya maji na wakulima watoke. Hakuna aliyemwita wala kumuuliza. Nilimwambia atafute wakili siku hiyohiyo.

"Hapana, dada," akasema. "Huwezi kumshtaki mtu hata hujamsalimia."

Basi akafuata mambo ya kwetu. Kwetu mwenye dai ndiye anayeanza kuomba radhi, hata kama ameonewa mchana kweupe. Ukishamlainisha mwenzio, ndipo mnakaa mnazungumza. Mzee Tobia wa kanisani akatangulia kwenda kwenye ile ofisi, nasi tukafuata na kikapu cha maplamu. Afisa alikuwa kijana wa kuja, akatuamkia shikamoo vizuri tu. Evelina akapiga goti.

"Baba, kama nimewakosea, nisameheni."

Afisa akasema amemsamehe, akainuka, ana kikao kingine. Yale mazungumzo tuliyoyaendea hayakuanza. Wiki iliyofuata ikaja amri ya kuhama, na karoti zikang'olewa zikiwa bado nyembamba. Evelina alilia mpaka nikaogopa.

Ndipo tukampata Shamsa, wakili wa msaada wa sheria. Akatusomea Katiba, ibara ya kumi na tatu, kwamba mtu hupewa nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu kabla haki yake haijaamuliwa.

"Jaji hatakugawia shamba, mama," alimweleza. "Yeye ataangalia kama ofisi iliamua kwa haki. Hawakukusikiliza, kwa hiyo tutaomba amri ifutwe, waanze upya."

Kwa mara ya kwanza tangu ile asubuhi ya vigingi, Evelina alikula akashiba.

Tukashuka mlima hadi mahakama kubwa. Wakili wa serikali akasimama, wala hakupandisha sauti.

"Mheshimiwa Jaji, huyu mama alisikilizwa. Alifika ofisini kabla ya amri kutoka, pamoja na watu wake, akakiri kosa akiwa amepiga magoti."

Jaji akamuuliza kama ni kweli aliomba msamaha. Evelina hajui kusema uongo kwenye nyumba yake, sembuse mahakamani.

"Ni kweli, mheshimiwa."

Shamsa alijitahidi kueleza kwamba radhi ya huku ni hodi tu, si kukiri. Jaji alimsikiliza kwa upole. Akasema mtu aliyefika, akasema yake na kujibiwa, mahakama haiwezi kumwita mtu ambaye hakusikilizwa. Maombi yakatupwa. Nilitamani kupiga kelele, nikaishia kuushika mkono wa Evelina.

Shamsa alitaka tukate rufaa. Evelina akakataa. Siku hizi anachuma chai kwenye mashamba ya watu na jioni haongei. Ukimsalimu anaitika kwa kichwa.

Juzi yuleyule afisa alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Wanataka njia ya gari mpaka kwenye hiyo hifadhi yao, nayo inakatiza migomba ya nyumbani kwa Evelina na jiko lake. Safari hii walifuata sheria neno kwa neno. Tangazo lilibandikwa, karani alikuwepo, na Evelina akaitwa mbele ya watu wote.

"Mama Alen, leo tunakusikiliza rasmi. Una pingamizi?"

Evelina akatazama chini. Nikamnong'oneza, sema, mama, sema hutaki. Machozi yakamtiririka, lakini midomo ameibana. Nikasimama mimi, nikaambiwa nikae, eneo si langu.

Afisa akasubiri kidogo, akauliza tena, akasubiri. Kisha akamgeukia karani.

"Andika hana pingamizi."