Jambazi Aliyesifiwa Nyumbani Kwetu

Mwanamume yule nilimshuku tangu alipomposa dada yangu. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Alifanya kazi katika hoteli moja ya Kikambala, na siku hiyo alikuja kwetu Malindi na mashine ya video ya kuazima, kitu ambacho miaka ile ya themanini kilitosha kumpa mtu heshima. Alileta pia filamu ya majambazi ambayo, kwa maneno yake, dunia nzima ilikubali kuwa haina mfano.

Wanaume walikaa ukumbini. Sisi wanawake tulitazama kutoka chumbani, pazia limesogezwa kidogo. Baba hakujua Kiingereza, wala dada, hivyo mposaji akawa mkalimani. Mimi nilikuwa nasoma sekondari; nikatega sikio.

Mkuu wa majambazi aliua watu, akarudi nyumbani, na mkewe akamuuliza alikuwa wapi na damu ile ni ya nani.

"Anamuuliza kama ameshakula," akatafsiri mposaji.

Baadaye mke alilia, akisema anaogopa kulala naye nyumba moja. Tukaambiwa anamwombea mumewe salama.

Filamu ilipokwisha, baba alisifu. "Jambazi ni jambazi, lakini nyumba yake kaitunza. Filamu inastahili sifa zake."

"Mimi mkewe ndiye aliyenipendeza, mzee," akasema mposaji. "Hana maswali."

Nikashindwa kujizuia. "Mbona anauliza tangu mwanzo, baba? Filamu huenda ni nzuri, lakini hii tuliyosimuliwa siyo."

Mama akanifinya. Mposaji akacheka taratibu, akasema Kiingereza cha shule si cha filamu, na baba akamwamini yeye. Nilikasirika hata kahawa ikanishinda. Mpaka leo mtu akiisifu filamu ile mbele yangu, humuuliza nani alimtafsiria.

Nilimweleza dada yote niliyosikia. Hakujibu, na hapo nikaogopa kweli. Kwetu mwari akiulizwa juu ya posa akanyamaza, huwa amekubali, na dada alijulikana mtaa mzima kwa haya zake.

Ijumaa ami, nduguye baba, alikuja kumuuliza. Akaketi mkekani, akasema, "Mwanangu, umeposwa. Wasemaje?"

Hakungoja sana. Alikwisha kuinua mikono aombe dua, na mama naye kainua yake, dada aliposema, "Sitaki, ami."