Cheti cha Macho cha Felisian

Pale machinjioni Sumbawanga hakukuwa na mtu aliyekijua kichwa cha ng'ombe kama Felisian. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye kona yake, buti za mpira miguuni na sweta mbili mwilini, akichuna vichwa na kuvipasua, wakati mji wenyewe haujaamka na baridi ya Ufipa inauma mpaka kwenye meno. Kisha presha ya macho ikaanza kumla, kwanza pembeni, halafu katikati, mpaka asubuhi moja ya mwezi wa saba akamuuliza mkewe, Bertilla, mbona hafungui dirisha. Dirisha lilikuwa wazi na jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

Ajabu ni kwamba aliendelea na kazi miezi minne bila mtu kugundua. Kichwa kinachunwa kwa vidole, na vidole vyake havikuwa na shida yoyote. Walimgundua siku alipoliamkia shikamoo paja la ng'ombe lililotundikwa, akidhani ni mkaguzi wa nyama, halafu akakasirika kwa kuwa halikuitikia. Akaambiwa apumzike nyumbani, kwamba kisu na mtu asiyeona ni hatari. Alijitetea kwamba katika miezi hiyo minne waliojikata vidole walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa na macho mawili mawili. Maneno yake yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Basi akarudi kwake Katandala, akawa anamchunia mkewe vichwa vya supu. Bertilla alikuwa na kibanda chake kando ya barabara, na supu yake ilikuwa na jina. Lakini Felisian hakuwa na raha. Kila mteja aliyepita alimwambia pole. Alipewa pole ya asubuhi, pole ya mchana, pole ya kuondokea. Mtu akipewa pole miaka kumi na moja mfululizo anaanza kujihisi kama msiba unaotembea, na yeye alichoka, alichoka kabisa, akatamani siku moja tu mtu amwambie hongera.

Hongera ililetwa na Daktari Gaudiosa. Huyu hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtaalamu wa kemia ya viumbe kutoka chuo kikuu, mzaliwa wa Matai, aliyekuja kupanga nyumba hapo Katandala ili achunguze retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho, mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, ambao ndio unaopokea mwanga. Wafugaji waliohamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao walikuwa wamemweleza jambo: kiangazi kikikaza na majani mabichi yakiisha, kuna ng'ombe ambao jua likizama tu wanagonga nguzo za zizi kama walevi. Daktari alitaka kujua retina za ng'ombe hao zimepungukiwa nini. Na retina ina rangi yake ya zambarau, hiyo ndiyo mali yenyewe, ila ikipigwa na mwanga inapauka hapo hapo. Kwa hiyo lazima jicho lipasuliwe gizani.

Daktari akaziba madirisha ya chumba kimoja kwa nailoni nyeusi, akamfungia humo msaidizi wake, Evans, na ndoo ya macho. Evans alikuwa na shahada mbili. Alitoka baada ya saa nzima akiwa amepasua macho sita, retina zote zimechanika, na kidole gumba kinavuja damu.

Siku hiyo hiyo Daktari akaenda kunywa supu kwa Bertilla ili apooze hasira. Hapo ndipo alipomwona mzee mmoja amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye ukuta, anatoa jicho la ng'ombe zima zima kama mtu anayemenya ndizi.

"Shikamoo baba," alisema Daktari. "Hilo jicho unaweza kulifungua bila kuliharibu?"

"Marahaba. Unataka lifunguke wapi?"

"Gizani."

Felisian alicheka mpaka kisu kikatikisika. "Mwanangu, mimi nakaa huko huko."

Wiki ile ile akaanza kazi. Humo chumbani alikuwa bwana. Evans ndiye aliyekuwa akishikwa mkono na kuonyeshwa ndoo ilipo. Retina zilitoka nzima, hamsini, sitini kwa asubuhi moja, na Daktari alikuwa akisimama nje ya mlango akisema, "Hongera, baba, hongera sana." Felisian alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo. Usiku alilala fofofo.

Kisha wafadhili wa mradi wakaandika barua. Kila anayeshika kisu katika mradi awe na cheti cha kupimwa macho, na asiyekuwa nacho mwisho wa mwezi, kazi basi. Daktari akajibu kwamba katika chumba kile hata mwenye macho haoni. Wakajibu kwamba mradi wa kuchunguza uwezo wa kuona hauwezi kumwajiri asiyeona, itaonekana ni mzaha. Wakataka pia picha ya mfanyakazi akiwa kazini. Daktari akampiga Felisian picha humo gizani, bila taa kama utaratibu wa kazi ulivyotaka, akaituma. Ikarudi na maelezo kwamba picha haionyeshi kitu, ipigwe nyingine.

Felisian aliposomewa barua hiyo alihisi kama kile kigoda cha ukutani kinamwita. Alisema wazi mbele ya rafiki yake Leonsi kwamba afadhali afe kuliko kurudi kwenye pole.

Leonsi alikuwa dereva wa basi la Tunduma, na dereva hakosi njia. "Kaka," alisema, "ule ubao wa herufi mimi nimeusoma mara saba, ni ule ule tangu nianze kuendesha. Nitakufundisha. Ila mkeo asijue, maana yule na uongo hawapikiki chungu kimoja."

Walifundishana jioni nne nyuma ya basi. Felisian alikuwa akiimba besi kwenye kwaya, kwa hiyo herufi zote akazitia kwenye tuni ya wimbo wa matoleo, mistari minane, na hakukosea hata moja. Siku ya kupimwa Leonsi akamfikisha mlangoni, akamnong'oneza hatua za kwenda mbele, akabaki nje anatafuna kucha.

Mpimaji alikuwa mama mmoja aliyechoka, mwenye foleni mpaka barabarani, na muda wote alikuwa ameinamia fomu zake. Akamwambia Felisian asimame kwenye mstari, afunike jicho la kulia, asome. Felisian akafunika, akausoma ubao wote, huku ameielekea kalenda. Mpimaji akaandika. "Haya, sasa la kushoto." Felisian akafunika la kushoto, lakini kwa woga akasahau kuliachia la kulia. Akasimama hapo, viganja viwili usoni kama mtoto anayehesabu kwenye mchezo wa kujificha, akasoma mistari yote minane kuanzia juu hadi chini. Mstari wa sita nusura auimbe.

"Mzee, macho haya ungeniazima," alisema mpimaji, akapiga mhuri bila kuinua kichwa.

Daktari Gaudiosa alikisoma cheti kile mara mbili. Akamtazama Felisian, ambaye naye alikuwa analitazama jokofu kwa heshima zote. Akakibandika ukutani, akasema kazi iendelee.

Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Evans alikwenda kunywa supu, akaropoka kwamba mzee amepimwa na anaona vizuri kuliko yeye. Kabla ya jioni Katandala nzima ilikuwa na habari. Mtu anaweza kugongana nawe kila siku kwa miaka kumi na moja na bado akaamini mhuri kuliko uvimbe wa kipaji cha uso wake mwenyewe. Waendesha bodaboda, ambao walikuwa wakisimama ili avuke, wakaanza kumpigia honi: "Mzee pita, si unaona!" Jumuiya ya kanisa, iliyokuwa ikimletea kuni na unga wa ulezi, iliitisha kikao chenye ajenda moja, na ajenda ilikuwa macho ya Felisian.

Kaka yake, Kasimiri, alisimama kwanza. "Kwenye msiba wa mjomba ulinimwagia uji kwenye viatu. Ulikuwa unaona au huoni?"

Felisian alibanwa. Akisema haoni, neno litafika kwa wafadhili na kazi itakwisha. "Nilikuwa naona," alisema kwa sauti ndogo.

"Viatu vipya!" alilia Kasimiri. "Jamani, alivilenga!"

Bertilla alikuwepo kwenye kikao, kwenye benchi la nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono mumewe kila mahali, akimtolea miiba ya samaki, akimfunga vifungo vya shati la kwaya. Lakini cheti kilikuwa na mhuri wa bluu, alikuwa ameuona ukutani kwa Daktari kwa macho yake, na shaka ikiingia haibishi hodi. Jumapili, wakitoka misa, walipofika kwenye mtaro mkubwa karibu na kwao, aliuachia mkono wa mumewe, akarudi hatua mbili nyuma na kutazama.

Felisian alitembea moja kwa moja, akatumbukia mtaroni na shati lake jeupe.

Watu waliokuwa wakipita walipiga makofi. "Anaigiza vizuri huyu!" walisema, wakaenda zao wakicheka. Bertilla alishuka mwenyewe kumtoa, na alikuwa akilia.

Nyumbani alimwosha matope, akamketisha. Felisian alimwita kwa jina la binti yao. "Umeniachia mkono, Mama Scola."

"Nimekuachia. Nilitaka kujua."

"Umejua?"

"Sijajua. Wanasema unaigiza." Bertilla alivuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti yao yakagusana. Alijua ni upuuzi anaouliza, akauliza hivyo hivyo. "Baba Scola, nitazame. Nikoje?"

Felisian aliinua uso. Hakuwa na tuni ya kushikilia hapa. Alieleza taratibu kile alichokuwa nacho. "Una kovu dogo chini ya kidevu, la kuungua na mafuta. Nyusi ya kushoto iko juu kidogo. Una mwanya hapa mbele. Ukicheka unauziba kwa kiganja, na mimi huwa nakwambia usiuzibe."

Bertilla alishusha pumzi, na Felisian akasikia kwamba amemrudia.

"Mwanya haupo," alisema. "Jino la pembeni yake liling'oka mwaka juzi. Sasa hivi ni pengo, tena baya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ili iweje? Mtaa mzima unaliona pengo. Kioo kinaliona. Wateja wanaliona nikiwapa bakuli. Nikasema, abaki hata mtu mmoja anayeuona mwanya."

Felisian alitafuta mkono wake, akaushika. Baadaye akasema kesho atakwenda kukirudisha kile cheti na kuungama kwa Daktari, kazi ikiisha iishe, kigoda kipo.

"Thubutu!" alisema Bertilla, akaufyatua mkono wake. "Miaka kumi na moja nimeishi na mtu aliyekaa anangoja pole. Mwezi huu mmoja nimeishi na mume. Kesho unakwenda kazini, na shati nimekwisha kulifua."

Jumatatu Felisian alikwenda kwenye chumba chake cha giza, akafungua macho arobaini na moja, na haikuchanika retina hata moja. Kibandani supu ilikuwa inachemka, na Kasimiri, akiwa amevaa vile viatu, aliinama juu ya bakuli na kuuliza kwa sauti ya kutosha benchi zima lisikie.

"Shemeji, wewe ndiye unalala naye. Sema ukweli wako mbele za watu. Anaona au haoni?"

Benchi zima liliacha kunywa. Bertilla alifuta mwiko kwa aproni yake, hakuharakisha.

"Mengine siyajui," alisema. "Mimi ananiona."