Mashine Isiyo na Mwenyewe

Shemeji yangu, mume wa dada, tunamwita Cheche kwa sababu hana shati lisilotobolewa na cheche za kuchomelea. Kazi yake ni mageti na madirisha. Lakini dada alikuwa akimenya karanga za kuuza mpaka vidole gumba vinachubuka, na Cheche, ambaye hajui kubembeleza kwa maneno, akajifungia karakanani kila alipopata nafasi, miaka mitatu. Akatoka na pipa lenye vipande vya tairi ndani na kanyagio la baiskeli nje. Unakanyaga, maganda yanaruka huku, karanga zinashuka kule, nzima nzima. Dada alilia. Mimi pia nililia, ila nilisingizia maganda.

Kosa alilifanya kwenye maonyesho ya mafundi. Siku tano alifungua mfuniko, akaeleza kila skrubu, akawasogezea watu mashine penye mwanga ili wapige picha vizuri. Nilimwambia apunguze domo. Akanijibu kwamba kizuri chajiuza.

Kweli kilijiuza. Mwaka uliofuata ikaja barua: kampuni moja ya zana za kilimo imepata hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, juu ya mashine ile ile, hadi vipande vya tairi. Cheche aache kuitengeneza mara moja. Aliisoma amesimama, akaisoma amekaa, kisha akaniuliza mimi niliyeishia darasa la saba kama kweli mtu anaweza kukatazwa kitu alichokibuni mwenyewe.

Tukaenda kwa wakili wa msaada wa bure, binti mwenye miwani na mafaili yaliyojaa hadi sakafuni. Akatueleza kwamba zamani, ukishaonyesha uvumbuzi hadharani kabla ya kuuandikisha, umeupoteza, kwa sababu si kitu kipya tena. Sheria mpya ina huruma kidogo: inakupa miezi kumi na miwili tangu siku ya kuuonyesha. Cheche akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena. Ilikuwa imepita miezi kumi na minne. Nikamwonea uchungu hata nikasahau kumlaumu.

"Lakini na wao waliandikisha baada ya maonyesho yako, mzee," wakili akasema. "Ile miezi kumi na miwili ni ya aliyebuni peke yake, kwa hiyo hata kwao haikuwa mpya. Tukipinga, hataza yao inaweza kufutwa."

"Halafu inakuwa yangu?"

"Hapana. Inakuwa ya kila mtu. Wewe utaendelea kuitengeneza, na wao pia."

Wakili alihitaji kiapo cha Cheche kwamba alimwonyesha kila aliyetaka kuona na hakuficha chochote. Nilitafuta mtu wa kumtukana mle ofisini, sikumpata. Binti wa watu alikuwa anatusaidia. Cheche akaomba aongeze mstari kwamba yeye ndiye aliyeibuni. Wakili akauongeza, akamwambia wazi kuwa hautampa haki yoyote. Cheche akatia sahihi.

Tukashinda. Uamuzi ulipotoka, dada aliniomba niusome kwa sauti, kurasa sita. Jina la mumewe limo mahali pamoja tu: shahidi, fundi wa kuchomelea, aliyethibitisha kwamba mashine hiyo haikuwa kitu kipya. Ule mstari wake, kwamba ndiye aliyeibuni, hawakuutaja.

Dada akasubiri niendelee. Nikamwambia ndio mwisho.

"Miaka mitatu, shemeji," Cheche akasema. "Na nimeapa mwenyewe."